Wiki ya Goti la Mshale

Mimi na Eliya Mshale hatuna ugomvi. Naanza na hilo kwa sababu kila ninapoisimulia habari hii hakosi mtu wa kunikatisha: "Lakini dada Scola, yule kijana kosa lake nini?" Hana kosa. Alizaliwa Kiomboi, akapanda baiskeli, akawashinda wenzake wote, akapelekwa kushindana nje ya nchi, akaanguka, akaumia goti, akakaa miaka miwili bila mashindano, akapona, akarudi. Mungu ambariki yeye na goti lake. Ugomvi wangu ni na redio, na sina mpango wa kuumaliza leo.

Ninayetaka kumsimulia ni kaka yangu Yeremia, mtu ambaye hakuna mwandishi aliyewahi kumuuliza ameamkaje. Yeremia ni mrina asali. Ana miaka arobaini na minane. Kijiji chetu kipo mwendo wa saa moja kwa bodaboda kutoka Itigi, na ukitoka nyumbani kuelekea kusini unaingia kwenye kichaka kilichosongamana hivi kwamba ng'ombe akipotelea humo mchungaji husimama nje na kupiga mluzi tu. Ukikivuka kichaka hicho, mbali kabisa, kwenye miti mirefu, ndiko iliko mizinga yake mia moja na ushee. Anakwenda na baiskeli mpaka njia inapokwisha, kisha anaisukuma. Akiingia hukaa wiki mbili, wakati mwingine tatu. Simu huko kazi yake ni tochi.

Mke wake alifariki miaka minane iliyopita na hakuoa tena. Alibaki nyumbani na mama yetu, Editha, wakatunzana. Mama alikuwa binti wa mrina asali, na kila Yeremia aliporudi kutoka porini, kipande cha kwanza cha sega kilikuwa cha mama. Mama anatafuna, anafumba macho, anataja mti ambao nyuki wameuchezea msimu huo. Yeremia anabisha. Wanabishana mpaka chakula kinapoa. Mara nyingi mama ndiye alikuwa sahihi, na akikosea Yeremia hakumwambia.

Sasa nieleze habari ya redio, maana mtu wa mjini hataielewa. Mlio FM ni redio yetu ya huku. Kila siku saa saba na robo mchana, kwa nusu saa, walikuwa wanasoma matangazo ya vifo. Msomaji alikuwa mwanamke anaitwa Damari, ana sauti nzito isiyo na haraka, na marehemu akiwa na watoto kumi na wanne atawataja wote kumi na wanne na mahali walipo. "Habari ziwafikie fulani wa Manyoni, fulani wa Dodoma, fulani popote alipo." Kwetu hiyo ndiyo barua. Mchungaji anaisikia akiwa machungani, mrina asali anaisikia akiwa porini, mtu anafunga mzigo anarudi kuzika.

Yeremia porini hakuwa mtu wa muziki wala mpira. Ana kiredio kidogo, antena ilishakatika akafunga waya wa shaba. Ikikaribia saa saba anaacha kila kitu, hata kama ameshawasha moshi. Anakaa chini, anatia mawe, yaani betri, kwenye redio, anasikiliza majina. Yakiisha anazima, anatoa yale mawe na kuyaanika juani yapate nguvu ya kesho. Kwa utaratibu huo mawe mawili yanamaliza wiki tatu. Na haikuwahi kumwangusha. Baba mkwe wake alipofariki Kilimatinde, Yeremia alisikia saa saba na nusu akiwa porini, na kesho yake kabla kaburi halijafukiwa alikuwa amesimama pale, miguu imevimba, amebeba viatu mkononi. Kijiji kizima kinaijua habari hiyo. Kwa hiyo kwetu lilikuwa jambo lisilo na mjadala: tangazo likisomwa, Yeremia anakuja.

Mama alifariki alfajiri ya Jumatatu, mwezi wa sita. Alikuwa na miaka sabini na tisa. Yeremia alikuwa ameondoka Jumatano iliyotangulia, peke yake, kwa sababu mwenzake wa siku zote alikuwa anavuna alizeti. Nililia nilicholia, kisha nikachukua daftari la mwanangu nikaandika tangazo. Saa nne nilikuwa Itigi, ofisini kwa Mlio FM. Binti wa mapokezi akaisoma karatasi, akaigonga muhuri, akanipa nakala yangu nayo ina muhuri. "Itasomwa leo, dada. Na kesho, na keshokutwa. Pole sana." Nikarudi nyumbani nimetulia kwa upande huo. Nilijua kaka yangu ameshaitwa.

Mwili tukauhifadhi hospitali. Msiba ulisimamiwa na mjomba Petro, mdogo wake mama, mzee mkavu, mnyoofu, asiyependa maneno mengi. Kwenye ukoo wetu udongo wa kwanza juu ya jeneza la mama hutupwa na mtoto wake wa kwanza. Si mjomba, si mchungaji wa kanisa. Mtoto wa kwanza. Mjomba akasema, "Tumsubiri Yeremia. Akisikia leo, kesho jioni yuko hapa."

Jumanne jioni hakuja. Jumatano tukasema labda njia, labda miguu. Watu waliotoka mbali walianza kutazama mifuko yao. Jumatano jioni hakuja. Niliweka maji ya kuoga nyuma ya nyumba siku zote mbili, nikayamwaga yakiwa yamepoa.

Hapa ndipo tulipokosea, na ni kosa la watu kama sisi tu. Msibani redio haiwashwi. Hiyo ni heshima, hata mtoto anajua. Nyumba yetu ilikuwa kimya, na nyumba za jirani zilikuwa kimya kwa sababu majirani wote walikuwa kwetu. Watu mia mbili walikuwa wanangoja mtu aliyeitwa na redio, na hakuna hata mmoja aliyeisikiliza redio hiyo ili ajue kama imeita. Tungewasha dakika tano tu. Tungemtuma kijana mwenye pikipiki siku ileile. Tulikuwa na karatasi yenye muhuri, tukaiamini.

Alhamisi alasiri tukazika. Jeneza lilipotua, mjomba Petro alisubiri kidogo akitazama njia inayotoka kichakani. Kisha akainama, akachota udongo kwa mkono, akasema kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Editha, mwanao amesikia na hakuja. Huu naumwaga mimi." Udongo ukalia juu ya mbao. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na sikufungua mdomo. Sikufungua kwa sababu na mimi niliamini. Nilisema moyoni, kumbe asali ni tamu kuliko mama. Nilimfikiria hivyo kaka yangu aliyenibeba mgongoni kwenda shule, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika upya, na sehemu ya hasira hiyo ni yangu mwenyewe.

Niwaambie sasa redio ilikuwa inafanya nini.

Jumatatu ile, saa saba na robo, Eliya Mshale alikuwa amewasili Singida mjini kujiandaa na mbio za Jumamosi, Singida hadi Manyoni. Mlio FM wakatangaza alivyoshuka kwenye gari. Wakatangaza alivyoingia hotelini. Wakatangaza alichokula: kuku wa kienyeji na viazi, na mpishi akahojiwa kuku mwenyewe alikuwa jogoo au mtetea. Jumanne walileta daktari kuchambua goti. Jumatano walimleta mwalimu aliyemfundisha darasa la pili, akasema hata wakati ule mtoto alikuwa anakimbia wakati wa mapumziko. Mtoto gani hakimbii wakati wa mapumziko? Alhamisi, saa ileile tuliyokuwa tunamtoa mama hospitali, mada ilikuwa uzito wa baiskeli ya Mshale, na wasikilizaji walipiga simu kukisia. Ijumaa walirudia goti. Jumamosi zikawa mbio zenyewe, kutwa nzima. Mshale akawa wa kumi na moja. Jumapili ikabidi ielezwe kwa nini wa kumi na moja.

Na kaka yangu porini kila siku saa saba na robo alikaa chini, akatia mawe kwenye redio, akangoja majina. Badala ya majina akapewa goti. Siku ya kwanza alidhani matangazo yamechelewa, akaacha redio iwake mpaka saa tisa. Siku ya pili hivyohivyo. Mwanadamu ukimlisha kitu kimoja wiki nzima, akiwa peke yake na nyuki, mwishowe atakizoea. Yeremia, ambaye tangu azaliwe hajashabikia kitu, akaanza kulionea huruma goti la mtu asiyemjua. Siku ya mbio alikaa mpaka mwisho, mawe yakafa mkononi mwake. Ya mama yake hakuambiwa hata neno moja.

Alirudi Jumatatu, siku nne baada ya kuzika. Watu wa msiba walikuwa bado wapo uani. Nilimwona anatokea kichakani anasukuma baiskeli, madumu mawili ya asali nyuma, uso umejaa vumbi na furaha. Nilikuwa kwenye mti wa kamba ya nguo nje ya ua, nimefunga kanga kichwani. Akaniita kabla hajanifikia, kwa sauti ya mtu aliyekaa kimya siku nyingi.

"Scola! Umesikia Mshale kawa wa kumi na moja? Ni lile goti tu, si kingine! Mwite mama, mwambie safari hii hawezi kuutaja mti!"

Waliokuwa uani wote wakasikia. Yeye mwenyewe akatazama ua, akaona watu, akaona majani makavu ya kukalia msibani na sufuria kubwa, akaniona na kanga kichwani. Hakuuliza nani. Aliuliza, "Lini?"

"Jumatatu. Ile nyingine," nikamwambia.

Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Jumatatu nilikuwa nimewasha," akasema. "Jumanne nilikuwa nimewasha." Alifika mpaka Jumamosi. Baiskeli ikamponyoka, ikaanguka, dumu moja likapasuka na asali ikaanza kumwagika mchangani, na hakuna aliyeinama kuiokota.

Mjomba Petro alikuja na nakala yangu mkononi. Yeremia akamwamkia, "Shikamoo, mjomba." Mjomba hakuitikia. Kwetu mzee asipoitikia shikamoo amekwambia kila kitu.

"Redio ulikuwa unasikiliza?" mjomba akamuuliza.

"Kila siku, mjomba."

"Basi ulisikia."

"Sikusikia, mjomba. Matangazo hawakusoma. Wiki nzima hawakusoma."

"Muhuri huu hapa." Mjomba akaigusa karatasi kwa kidole. "Watu wamepokea, wamegonga muhuri. Habari ya goti ulisikia, habari ya mama yako ndiyo hukusikia? Goti limekufikia huko porini, kifo kimeshindwa njia?"

Nani angemwamini? Ameingia kijijini anapiga kelele za mbio za baiskeli. Mjomba akageukia watu akasema Jumamosi tutamaliza msiba na kusimika msalaba kaburini, na msalaba huo hautashikwa na Yeremia. "Editha ana mtoto mwingine. Scola ataushika." Yaani mimi. Kumwondoa mtu kwenye msalaba wa mama yake ni kusema hadharani kwamba hana mama, na akishasemwa hivyo hata ukweni hawamkaribishi kikao.

Nikasema siushiki. Mjomba akasema, "Utaushika." Nikamwambia mimi namwamini kaka yangu. Kusema kweli nilianza kumwamini pale alipohesabu vidole. Mtu mwongo angesema redio iliharibika.

Jumanne nikaenda Mlio FM. Sikwenda kwa unyenyekevu. Nilimuuliza yule binti wa mapokezi kama karatasi yangu ilisomwa, akashikashika vitu mezani, akasema anamwita dada Damari. Akatoka mwanamke mfupi, amevaa sweta la kijivu, mtu ambaye ungempita sokoni. Alipofungua mdomo nikamjua, kwa maana ile sauti nimeisikia miaka yote.

"Haikusomwa, mama," akaniambia. "Wiki ile sikusoma hata moja. Muda wangu wote uliwekwa Mshale. Nilimwambia meneja, akasema wafu wataelewa."

Wafu wataelewa! Nikamwambia anipeleke kwa huyo meneja. Anaitwa Joshua, kijana wa suti, ukutani kwake ana picha ya Mshale kubwa kuliko dirisha. Alinipa kiti, akanipa pole, akanipa na maji ya chupa. Akasema ilikuwa wiki ya kipekee, kwamba wasikilizaji walitaka Mshale, kwamba hata redio za Dodoma zilikuwa zinatangaza Mshale.

"Mama yangu amezikwa bila mtoto wake," nikasema. "Na mtoto huyo, aliyewasikiliza kila siku akiwa porini, anaitwa mkosefu kwa sababu yenu. Nataka mtamke redioni, saa saba na robo, kwamba tangazo la Editha hamkulisoma. Maneno hayo tu."

"Dada, tukianza kukiri moja, itabidi tukiri yote." Kisha macho yakamng'aa. "Umesema kaka yako alitusikiliza akiwa porini? Siku zote? Mpaka mbio zikaisha?"

"Alikuwa anangoja vifo."

"Tutakuja kumhoji," akasema. "Atayaeleza yote mwenyewe, kwa sauti yake. Hiyo ina nguvu kuliko mimi kusoma karatasi." Na mimi mjinga nikakubali. Nilirudi nyumbani nikawaambia watu wote, mjomba akiwemo: Ijumaa saa saba na robo mtasikia ukweli.

Alhamisi akaja mtangazaji wao, kijana wa miwani ya jua, na kinasa sauti. Akamkalisha Yeremia kwenye gogo. Nilisimama karibu nikasikia kila neno. Yeremia alizungumza kwa dakika kama ishirini, polepole, kama anavyozungumza siku zote. Alieleza mawe ya redio. Alieleza alivyongoja majina. Alieleza jinsi goti lilivyomjia kila siku mpaka likamtia wasiwasi, na kumbe muda wote huo mama yake amelala hospitali anamngoja. Alimtaja mama kwa jina mara tatu. Alifuta machozi kwa mkono wa shati. Yule kijana akasema, "Safi sana, mzee." Safi sana! Nilipaswa kuelewa pale pale.

Ijumaa mjomba Petro aliruhusu redio iwashwe msibani, kwa ombi langu, jambo ambalo halijawahi kufanyika. Tuliiweka juu ya kiti katikati ya ua. Watu walisogea. Yeremia alikaa pembeni ya mlango, mikono katikati ya magoti. Saa saba na robo ukapigwa muziki wa shangwe, na yule kijana wa miwani akasema, "Mlidhani mnampenda Mshale? Kutana na shabiki wake namba moja, mrina asali wa vichaka vya Itigi!"

Ikaja sauti ya kaka yangu. "Kila siku nilikuwa nawasha redio. Lile goti lilinitia wasiwasi. Siku ya mbio nilikaa mpaka mwisho."

Muziki tena. Makofi. Na salamu za wasikilizaji kwa Mshale. Ndiyo ilikuwa yote. Walikuwa wamemkata mama humo katikati, mara zote tatu. Walichukua dakika ishirini za mtu anayelia wakabakiza shabiki.

Mjomba Petro akainuka, akazima redio kwa mkono wake. "Tumesikia kwa mdomo wake mwenyewe," akasema, akaenda zake. Watu wakatawanyika bila kumtazama Yeremia. Yeye akaingia ndani, akalala akiutazama ukuta, na chakula nilichompelekea nilikikuta kesho yake kama kilivyo. Nilikaa nje peke yangu. Nimeshaona wizi mwingi katika maisha haya, nimeibiwa kuku, nimeibiwa simu, lakini sikujua mtu anaweza kuja nyumbani kwako mchana, ukampa kiti, akakuibia maneno yako na kukurudishia mengine.

Jumamosi saa nne watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Msalaba wa mbao ulikuwa umeegeshwa ukutani, jina limeandikwa kwa rangi nyeupe. Mjomba aliniita mara mbili niushike. Sikusogea. Aliniita mara ya tatu kwa jina langu lote, na ndipo bodaboda ikasimama nje ya ua, akashuka mwanamke mfupi mwenye sweta la kijivu na bahasha ya kaki.

Alikwenda moja kwa moja kwa mjomba. "Shikamoo, mzee."

Mjomba akageuka ghafla. Wote waligeuka. Hakuna aliyekuwa anaijua sura ile, lakini sauti ile ilishaingia kila nyumba pale. Imewaambia vifo vya baba zao na wake zao.

"Marahaba," mjomba akasema taratibu. "Wewe ndiye wa redioni."

"Naitwa Damari. Nilikuwa wa redioni mpaka jana. Naomba nafasi nisome tangazo langu moja, lilichelewa."

Mjomba akamtolea mkono, yaani asome. Damari akatoa karatasi. Niliitambua, ni ya daftari la mwanangu. Akasimama katikati ya ua, akasoma kama anavyosoma siku zote, bila haraka. "Familia ya marehemu inasikitika kutangaza kifo cha mama Editha, kilichotokea leo Jumatatu alfajiri nyumbani kwake. Habari ziwafikie mdogo wa marehemu, Petro. Binti wa marehemu, Scola. Na mtoto wa kwanza wa marehemu, Yeremia, aliyeko porini kusini mwa Itigi. Yeremia unaombwa urudi nyumbani haraka. Mama yako hatazikwa mpaka ufike."

Hayo ya mwisho niliyaandika mimi, na nilikuwa nimeyasahau. Wanawake wakaanza kulia upya kana kwamba kifo ni cha leo.

Damari akaigeuza karatasi, akampa mjomba. Mjomba macho hayaoni vizuri, akanipa mimi. Upande wa nyuma kulikuwa na wino mwekundu na saini ya meneja Joshua. Nikasoma kwa sauti, nikahakikisha hata walioko jikoni wanasikia. "Jumatatu, isisomwe, kupisha Mshale. Jumanne, isisomwe, kupisha Mshale. Jumatano, isisomwe, kupisha Mshale." Nikasoma mara ya pili. Ningesoma na ya tatu, mjomba akanishika mkono.

Aliingia ndani mwenyewe. Tukamsikia akisema, "Mwanangu, inuka." Baada ya muda wakatoka wote wawili, Yeremia macho mekundu, shati lilelile la jana. Mjomba akauchukua msalaba kwa mikono yake akampa. Tukaenda kaburini. Yeremia alichimba shimo mwenyewe, akausimika, akaushindilia udongo kwa mguu, akakataa kusaidiwa. Tulipodhani amemaliza, na mchungaji wa kanisa amefungua kitabu ili aombe, Yeremia akamgeukia mjomba Petro.

"Mjomba, nimeambiwa siku ile ulizungumza na mama hapa. Ukamwambia nimesikia na sikuja."

"Nilisema," mjomba akajibu.

"Zungumza naye tena."

Hakupandisha sauti. Mchungaji akafunga kitabu. Mjomba Petro, mzee wa miaka sabini na mbili ambaye hajawahi kumwomba mtu radhi mbele ya watoto, akavua kofia. Akapiga magoti kwa shida, mkono mmoja kwenye udongo. Akasema, "Editha. Hakusikia. Alikuwa anasikiliza kila siku, hakuna aliyemwambia." Akabaki pale chini mpaka Yeremia akamwinua.

Tuliporudi nyumbani nikamtafuta Damari ili ale, kwa sababu mtu hawezi kuja kwetu na jambo kama lile akaondoka na njaa. Nilimkuta nje ya ua, ameshapanda nyuma ya bodaboda. Nikamwambia ashuke, chakula kipo tayari. Akafungua ile bahasha akanionyesha ndani. Zilikuwamo karatasi nyingine kumi, za madaftari ya kila aina, na kila moja ina wino mwekundu nyuma.

"Hii inayofuata ni ya Kilimatinde," akaniambia. "Huko nako kuna mtoto walimngoja." Akamgusa dereva begani, wakaondoka.